Vikabichi vya Msimu wa Senene

Wiki mbili kabla ya kufa, wifi yangu Leokadia alikataa uji, akakataa mchuzi wa samaki, akakataa hata maziwa ya mgando ambayo maisha yake yote aliyanywa kama mtu anayelipwa kwa kazi hiyo, kisha akamwambia binti yake, "Niitieni Agripina aje anikaangie vikabichi." Nilipigiwa simu nikiwa nyumbani Bugomora, nikaambiwa mgonjwa anataka kitu ambacho watoto wake hawakijui kwa jina wala kwa sura. Mimi nilikijua. Nyuma ya nyumba yangu sikosi mistari miwili ya vikabichi, vile vidogo vya kizungu vinavyoota vimeng'ang'ania shina moja kuanzia chini hadi juu, kila kimoja kikijaa ngumi ya mtoto mchanga, na kwa umri wangu huu wa miaka themanini na kitu bado navimwagilia mwenyewe, kwa sababu wajukuu humwagilia majani wakadhani wamemwagilia mizizi. Nilikata shina zima, nikalifunga kwenye kanga, nikapanda gari la kijana wa jirani hadi Nyakakika. Leokadia alikuwa amelazwa chumba cha mbele, dirisha likiangalia migomba, amepungua mpaka mto ulionekana mkubwa kuliko yeye. Alipoliona lile shina alicheka. Jiko la mkaa nililiweka nje ya mlango, mlango ukiwa wazi, maana alitaka kusikia vikilia kwenye mafuta. Alikula vinne. Akiwa anakula aliniambia jambo moja, nami nitalisema mahali pake, kwa kuwa nikilisema sasa hamtalielewa; lakini tangu siku ile sijaweza kuufikiria mwaka wangu wa kwanza wa ndoa kama nilivyozoea kuufikiria.

Habari za ukoo wangu naziacha. Inatosha mjue kwamba nilitoka Nyabiyonza nikiwa na miaka kumi na saba, nikaolewa Bugomora na mwalimu wa shule ya kijiji, Fidelis, katika miaka ile ya hamsini ambapo kahawa ilikuwa imeanza kuwavisha watu viatu. Mugole, ndivyo tunavyomwita bi harusi, hakutoka kwenda shambani siku ya pili kama wasichana wa leo. Aliwekwa ndani. Nilikaa miezi minne katika chumba cha nyuma cha nyumba ya wakwe zangu, nyumba ya msonge yenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, na kilichonitenga na ulimwengu kilikuwa ukuta wa matete yaliyosukwa. Nilipakwa samli, nikanyweshwa maziwa, nikanenepa. Kazi yangu ilikuwa kusuka vikapu na kusikiliza. Kupitia matete yale nilijifunza nyumba nzima kwa masikio kabla ya kuijua kwa macho: kikohozi cha baba mkwe, ambaye wote tulimwita Tata, hatua za mama mkwe, Mae, aliyeburuza mguu wa kushoto, na Leokadia, mtoto wao wa mwisho, wakati huo ana miaka kumi na miwili, ambaye hakuweza kupita mahali bila kuimba. Tata na mimi hatukuzungumza. Adabu ilikataza baba mkwe na mke wa mwanawe kusemeshana, hata kutazamana usoni. Alipotaka kuniambia jambo alimwambia Mae, nami nikiwa hatua tatu kutoka kwake, nimesikia kila neno, na Mae alikuja nyuma ya matete akanirudia yote upya kana kwamba mimi ni kiziwi. Nilimwogopa sana mzee yule. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mimi nilikuwa bado sijajua kwamba uchache wa maneno unaweza kuwa upole.

Fidelis alikuwa mpole waziwazi, isipokuwa kwa jambo moja. Mtawa mmoja wa misheni alikuwa amempa mbegu zilizofungwa kwenye kipande cha karatasi, naye Fidelis akazipanda mwezi wa saba karibu na kijito, akazimwagilia kila jioni baada ya shule. Watu wakacheka. Walisema mwalimu anapanda kabichi zisizokua. Kila mara aliponijia chumbani alikuwa na habari zake: leo yametokea majani, leo kuna funza, leo kwenye shina vimetokeza vinundu. Msichana mwingine angeletewa habari za kitambaa au shanga. Mimi nilikaa gizani na samli yangu nikihesabiwa vinundu. Siku moja aliniletea kimoja mkononi. Nilikigeuzageuza, nikakiona kizuri, mtoto wa kabichi aliyekamilika, na nikaamua moyoni kwamba siku nitakapopewa jiko nitavipika hivyo. Nilitaka kumpendeza mume wangu. Hilo lilikuwa kosa la kwanza.

Siku ya kupewa jiko ilikuwa siku kubwa kuliko harusi, kwangu mimi. Desturi ya nyumba ile ilikuwa hivi: mugole anatolewa ndani, anaachiwa jiko peke yake, anapika, na wa kwanza kula ni Tata. Akila, jiko ni lako na nyumba ni yako. Akiinuka bila kula, unarudishwa kwenu ukafundishwe upya. Kulikuwa na mwanamke kule bondeni aliyerudishwa hivyo, na kabla kwao hawajamaliza kumfundisha, mumewe akaoa mwingine. Baadaye nilikuja kumjua kwa sura. Alikuwa akipita njia ya kisimani bila kuinua macho. Kushuhudia chakula changu alikuja pia shangazi Felista, dada yake Tata, kutoka Nyakakika. Shangazi huyu alikuwa mwanamke aliyeheshimiwa akaketi mbele na wanaume, mwenye rozari ndefu shingoni, na mlinzi wa kila mwiko uliowahi kuwekwa na watu waliokwisha kufa.

Sasa nieleze kosa la pili, ambalo ni la kwetu kabisa. Kwetu chakula cha heshima hukaa motoni. Ndizi humenywa asubuhi, hupangwa chunguni juu ya maharage, hufunikwa kwa majani ya mgomba yaliyobabuliwa motoni, tabaka juu ya tabaka, na hakuna anayefunua mpaka mwenye kula ameketi. Kufunuafunua chungu ni tabia ya mtu mwenye njaa. Mwanamke ambaye chakula chake kimeiva haraka ni mwanamke aliyechelewa kuamka. Fidelis alikuwa ameniambia mtawa amesema vikabichi vichemshwe mpaka vilainike, nami nikaona kama vinahitaji kulainika basi nivipe muda wote ulimwenguni. Nilivipanga kama thelathini katikati ya ndizi, nikafunika, nikakandamiza majani, nikaweka moto wa polepole kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana. Nilikaa kando ya chungu kile nikiwa na furaha ambayo mpaka leo nikiikumbuka naona haya.

Chungu kilipelekwa mbele, kikapinduliwa juu ya majani mabichi, nami nikarudi nyuma ya matete kusikiliza. Kisha harufu ikanifikia. Ilikuwa harufu ya mayai yaliyosahauliwa chini ya kuku, na haikuwa kwenye vikabichi tu. Ilikuwa imeingia kwenye ndizi, kwenye maharage, kwenye majani yenyewe. Ndizi zilikuwa zimegeuka rangi. Vikabichi vilikuwa vimekuwa kitu cha kijivu kinachoteleza.

"Kuna nini kimefia humu?" aliuliza shangazi Felista.

Nilisikia maji. Tata alikuwa ananawa mikono ambayo haikuwa imegusa kitu. Kisha nikasikia akiinuka, na kikohozi chake kikatoka nje hadi kwenye migomba.

Alasiri ile nililala kifudifudi juu ya nyasi, nikayasikia mambo yangu yakiamuliwa na watu wengine. Shangazi alisema nirudishwe kesho yake, tena mapema, kabla sijawafundisha watoto wa nyumba ile kula uchafu. Fidelis alijaribu kusema kosa ni lake, akaambiwa mwanaume haingilii mambo ya vyungu. Ndipo Mae akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua tu, akimwita Tata kwa neno letu la heshima, "Waitu, mvua imepiga wiki mbili sasa. Senene wako njiani. Nani ataniokotea na kuwanyonyoa, mimi na mguu huu? Leokadia peke yake? Mwacheni mtoto wa watu. Senene wakiisha, apike tena. Akishindwa, nitamsindikiza mwenyewe hadi Nyabiyonza."

Tata akasema, "Senene wakiisha." Akatafuna buni zake za kahawa, na mjadala ukaishia hapo.

Kwa hiyo niliachwa kwa muda wa msimu mmoja wa panzi. Nilimkasirikia Fidelis. Nilimwambia, "Mwalimu, mboga zako zitanirudisha kwetu." Akasema, kwa upole wake uleule wa kuudhi, "Si mboga, Agripina. Ni mapishi." Sikumsemesha siku mbili. Alikuwa na haki, na hakuna kitu kinachomchukiza mke mpya kama mume mwenye haki. Vikabichi vyenyewe vilizidi kuzaa. Kila asubuhi Fidelis alileta kikapu, na kwa kuwa aliapa kwamba alichokipanda kitaliwa kwake, ilibidi mimi na Mae tuendelee kupambana navyo. Mae alikuwa hajawahi kushindwa na mboga. Mnavu mchungu aliulainisha, kisamvu alikitwanga kikatii. Vikabichi alivitia magadi. Vikawa kijani cha kupendeza na uvundo mara mbili. Alivipika kwa karanga. Tukapata karanga zilizoharibika. Fidelis alikula vyote, akimeza bila kupumua kwa pua, akisema "vizuri, vizuri" na machozi yakimlengalenga. Leokadia alivificha chini ya jamvi, baadaye akawatupia mbuzi. Mimi nilivionja kila mara kwa sababu niliona ni adhabu yangu, na kila mara vilikuwa na uchungu ule unaobaki kooni, wa mtu aliyekwisha kusema neno asiloweza kulirudisha.

Senene walianguka asubuhi moja ya ukungu. Watu wa pwani wakisikia tunakula senene hukunja uso, lakini hawajawahi kuamka kabla jua halijakausha majani wakakuta kilima kizima kimegeuka kijani kinachotambaa. Asubuhi senene huwa mzito kwa umande, haruki, unamwokota tu. Tuliokota wote watatu, Mae, Leokadia na mimi, nyasi zikitulowesha hadi mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nyumba ile nilicheka kwa sauti. Tuliwanyonyoa mabawa na miguu mpaka vidole vikawa vinanata. Kisha Mae akaweka kikaango cha udongo juu ya mafiga, akawamimina, nao wakaanza kutoa mafuta yao wenyewe. Harufu ile siwezi kuieleza kwa asiyeijua. Na hapa ndipo pana jambo ambalo wajukuu wangu hawaniamini nikiwasimulia: sisi tuliookota, tulionyonyoa, tuliokaanga, hatukula hata mmoja. Senene walikuwa wa wanaume, kama kuku na mayai. Mwanamke akila senene, walituambia, mtoto atakayemzaa atakuwa na kichwa cha senene, kimechongoka mbele, macho pembeni. Nililia kwa mate asubuhi ile. Leokadia alikuwa ameegemea nguzo, ameziba pua kwa vidole viwili ili asiteseke.

Senene wa Tata na Fidelis walitolewa, wakawekwa kwenye kikapu. Kikaango kikabaki na mafuta yanayong'aa chini. Desturi ilikuwa kukiosha. Mae alikitazama, akatutazama sisi, akatazama kikapu cha vikabichi pembeni. Bila neno akachukua kisu, akavikata katikati kimoja kimoja, akavilaza kifudifudi kwenye mafuta yale, sehemu iliyokatwa ikigusa udongo wa moto. Nilinyoosha mkono kuchukua jani nifunike.

"Acha," alisema. "Usifunike."

"Vitaiva vipi, Mae?"

"Senene huwa tunawafunika? Tukiwafunika si watakuwa uji? Acha vilie."

Vililia. Alivinyunyizia chumvi, akakoleza moto badala ya kuupunguza, wala hakuvigusa mpaka upande wa chini ulipoungua rangi ya kahawia. Akavigeuza mara moja tu, akavitoa. Muda wote ule haukutosha kumenya ndizi za mtu mmoja. Nilikiweka kimoja mdomoni nikitegemea adhabu yangu ya kila siku, na haikuja. Nje kilikuwa kikavu na kitamu, kwa utamu wa kitu kilichoungua kidogo tu. Ndani kilikuwa bado kina ubishi, kinaliwa kwa meno. Na juu ya yote kulikuwa na ile harufu tuliyokatazwa. Leokadia aliachia pua yake. Tulikula tumechuchumaa, tukalamba vidole kama watoto.

"Na mwiko, Mae?" niliuliza.

"Kilichokatazwa ni senene," alisema Mae, akipangusa kikaango kwa kikabichi cha mwisho. "Kikaango hakikukatazwa."

Kwa wiki tano zile tulikuwa na siri yetu ya kila asubuhi, na nikisema zilikuwa wiki za furaha kuliko zote za ujana wangu sitii chumvi. Nilikuwa mtu anayesubiri hukumu, nami niliamka kila siku nikiimba na Leokadia. Jikoni mle nilipata mama wa pili na mdogo ambaye sikuzaliwa naye. Katikati ya wiki zile nikagundua nina mimba. Sikumwambia mtu, lakini Mae alijua kabla yangu, maana nilianza kukataa ndizi, nikakataa maziwa, nikakataa harufu ya moshi, na kitu pekee kilichokaa tumboni kilikuwa vikabichi vya kikaangoni. Ndipo hofu ikanirudia upya. Kurudishwa peke yangu ni jambo moja. Kurudishwa na mimba, nikazae kwetu mtoto ambaye watu wataniuliza habari zake kisimani, hilo lilinikosesha raha kabisa.

Senene waliisha ghafla, kama wanavyoisha. Siku ya tatu baada ya hapo shangazi Felista aliwasili, hakuhitaji kuitwa. Nilipika ndizi na maharage, hakuna kingine. Vikabichi nilikuwa nimeapa havitakaribia chungu cha Tata. Lakini nilikuwa sijala tangu jana yake, na Mae akasema sitapeleka chakula mbele nikaanguka nacho. Alivikaanga vichache vyetu sisi, haraka, wakati chungu kinapelekwa. Siku hiyo alivinyunyizia unga fulani wa kahawia. Nilipomuuliza alisema ni karanga. Tuliketi sisi watatu, jani katikati yetu, nikala cha kwanza na nguvu zikanirudia. Vilikuwa vitamu kuliko siku zote. Nikajiambia ni njaa.

Mbele, Tata alikuwa ananawa. Nilimsikia akiacha. Nikasikia mkeka ukilia, anainuka, na hiyo ilikuwa sauti ileile ya mara ya kwanza. Ila hatua hazikutoka nje. Zilikuja jikoni. Mzee yule, ambaye sikuwahi kumwona akikanyaga jikoni, aliinama mlangoni akaingia, na nyuma yake shangazi na rozari yake. Niligeuza uso ukutani kama adabu inavyotaka.

"Senene wameisha siku tatu," alisema Tata kumwambia mkewe. "Harufu hii inatoka wapi?"

"Ni majani, waitu. Mboga za mwanao mwalimu."

"Majani hayanuki hivi," alisema shangazi. "Hawa wanakula senene. Na huyu mugole ana mimba, mtazameni alivyo. Anataka kutuzalia nini katika ukoo huu? Mimi nilisema tangu mwanzo."

Leokadia alianza kulia kimyakimya. Nilidhani analia kwa ajili yangu. Nilitaka kusema kwamba sikula, kwamba ni kikaango tu, lakini ningemsemeshaje baba mkwe? Tata aliketi. Aliketi chini, kwenye jamvi la wanawake, akachukua kikabichi kimoja akakiweka mdomoni. Nilimsikia akitafuna, kisha nikasikia ameacha. Aliacha kwa muda mrefu hata nikathubutu kutazama kwa pembe ya jicho. Alikuwa anamtazama Mae, na Mae anamtazama yeye, watu wawili waliokaa pamoja miaka thelathini. Kisha akaendelea kutafuna, akameza.

"Ni majani," alisema.

"Hebu nionje," shangazi akasema, akinyoosha mkono.

Tata alilivuta jani lile magotini pake. "Chakula cha mkwe wangu nakula mwenyewe." Akala. Akala vyote, kimoja kimoja, bila haraka, shangazi amesimama juu yake, na mwishowe akapangusa jani kwa kidole akalamba. Ndipo akainuka, na akiwa ameyatazama mafiga alimwambia Mae, "Mwambie mtoto wa watu jiko ni lake. Majani yake nimeyapenda. Asiende popote." Akarudi mbele akala ndizi zangu. Mae alinigeukia akaanza kunirudia maneno yale, kama kawaida yetu, "Tata anasema jiko ni lako," na hakuweza kumaliza.

Kwa hiyo nilikaa. Januari, mafuta ya senene yakiwa yameisha hata kwenye nyufa za kikaango, nilijaribu kuvikaanga kwa samli tupu, nikiogopa kwamba tulichokipenda hakikuwa mboga bali ule mwiko wenyewe. Nilivikata katikati, nikavilaza kifudifudi, sikufunika. Vilikuwa vitamu. Vilikuwa vitamu vyenyewe, kwa jina lao, na tangu hapo nimevipika hivyo kwa watoto saba na wajukuu nisiowahesabu. Mtoto wa kwanza alizaliwa mwezi wa saba, mwanaume. Siku alipotolewa nje kuonyeshwa, Tata alimchukua mikononi, na kabla ya kumpa jina alifanya jambo ambalo sikulielewa: alikipapasa kichwa chake taratibu, paji la uso, kisogo, pembeni ya macho, akarudia tena, kisha akacheka peke yake. Nilidhani ni furaha ya mzee kupata mjukuu. Alikufa miaka minne baadaye, na mpaka alipokufa hatukuwa tumesemeshana.

Sasa nimefika mahali pa lile jambo la Leokadia. Kule Nyakakika, akiwa na kikabichi cha nne mkononi, aliniuliza, "Hivi unakumbuka unga wa karanga?" Nikasema nakumbuka. "Hazikuwa karanga," alisema. "Kikaango kilikuwa kimekauka, nawe ulikuwa hutaki kula kitu. Mae alichukua konzi moja ya senene wa mwisho kwenye kikapu cha Tata, akanipa nitwange. Mimi ndiye niliyetwanga, wifi. Akaniapisha nisiseme yeye, Tata na shangazi wakiwa hai. Wote wamekwisha kufa, na mimi nafuata." Nikaketi pale na mwiko wa kukaangia mkononi, mwanamke mzee, nikiisikia tena ile sauti ya mtu aliyeacha kutafuna. Alijua. Tata alijua tangu cha kwanza. Alichokuwa akikifanya kwenye jamvi la wanawake, mbele ya dada yake, kilikuwa kula ushahidi wote mpaka jani lenyewe. Nami miaka yote hii nilijisifu kwamba nilimshinda kwa mapishi.

Tulimzika Leokadia Jumamosi, kando ya migomba. Mwanangu wa kwanza alikuja kutoka Bukoba, naye sasa ni babu, kichwa kimeng'aa kwa upara. Watu walipoanza kuondoka nilimwita aketi chini kwenye nyasi, karibu na miguu yangu, nikaanza kukipapasa kichwa chake taratibu, paji la uso, kisogo, pembeni ya macho. Aliniuliza, "Mama, unatafuta nini?" Nikamwambia natafuta alichokitafuta babu yake, na kabla sijamaliza kicheko kikanishika, kisha machozi, naye akakiacha kichwa chake mikononi mwangu.